Maua yalikuwa kwenye uzi: hotuba yangu kwa wahitimu wa cherahani, Wete, Pemba

Wengi walokosa kufika siku ya mahafali wameniomba niiweke hotuba yote, basi hii hapa. Nimeiandika kutoka kwenye rikodi ya simu ya mwanangu na nimeiacha kama nilivyosema, pamoja na pale nilipopotea njia. Zile picha za ukutani nimeziruka, na siku yenyewe umeme ulikatika picha ya pili tu kwa hiyo hamjakosa kitu.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mgeni rasmi, mashekhe wetu, walimu wenzangu, kina mama mlokaa nje chini ya mwembe kwa sababu viti vimekwisha, tuwieni radhi, na nyinyi wanangu mlovaa sare mlizojishonea wenyewe, hongereni sana. Mie nimepewa dakika 20 nizungumze ajira na ujasiriamali. Sasa hayo mgeni rasmi atayazungumza, na atayazungumza vizuri kuliko mie, mie ni mshonaji, ukiniachia maikrofoni nitakwambia vitambaa. Na leo nataka kimoja tu. Hariri. Tena si hariri tupu, hariri ya nakshi.

Nianze na kosa langu.

Nilikuwa na miaka 17, najifunza kwa fundi mmoja pale Chake, bibi mkali Mungu amrehemu. Siku hiyo katoka kwenda hitimani, kaniachia meza. Akaja mama mmoja kashika kitambaa chekundu kikuukuu, kimetoboka pembeni, kimechimbwa kwenye kasha huko la marehemu bibi yake, anasema ana wageni kesho anataka foronya nne. Nikakitizama. Rangi ilikuwa imekaa, hilo nalikumbuka, nyekundu kama tunda la mzambarau halijaiva vizuri, lakini maua yake kingo hazikukaza, yamechezacheza kama mtu alochora mkono unatetemeka. Nikasema hii chapa mbovu. Nikatia mkasi.

Fundi aliporudi foronya ya tatu iko kwenye mashine. Akaokota kipande kilichobaki, akakigeuza, akakigeuza tena, akavuta kigoda akakaa. Hakunipiga, na wanaomjua wamecheka hapo kwa sababu wanajua maana ya kusema hakunipiga. Akaniuliza, "Hichi kitambaa nje yake wapi?" Nikatizama huku, nikatizama huku. Sikupaona. Huku maua, huku maua yaleyale, rangi ileile, hakuna nje wala ndani.

Kipande chenyewe hichi hapa. Kipitisheni, kila mtu akishike, mikono misafi tafadhali, na nakitaka kirudi.

Nakuulizeni wanangu, kitenge kina nje na ndani? Kina. Kanga je? Kanga nzuri rangi hupenya, lakini jicho la mshonaji halidanganyiki, utajua tu wapi ilikolala ile chapa. Basi kwa nini hichi hakina? Kwa sababu hakikuchapwa. Maua yalikuwa kwenye uzi kabla kitambaa hakijakuwepo.

Hebu nikwambieni vizuri hapo maana hapo ndo penyewe. Kitambaa chochote kina nyuzi za namna mbili, kuna mtande, zile za urefu zilotandwa kwenye kitanda cha mfumi, na kuna mshindio, ule uzi unaopita mkingamo kwenda na kurudi. Nyinyi mmefundishwa batiki hapa, mnafunga kitambaa kwa uzi, mnachovya, palipofungwa rangi haiingii. Sasa chukua akili hiyohiyo uipeleke nyuma, usifunge kitambaa, funga nyuzi zenyewe, bado hazijafumwa. Unafunga, unachovya nyekundu, unafungua hapa unafunga pale, unachovya tena, mpaka uzi mmoja una mabaka ya rangi nne tano na ukiutizama hauna maana yoyote, ni uzi wenye madoa. Wengi duniani wanafanya hivyo kwa mtande peke yake, au mshindio peke yake. Kuna mji mmoja India, unaitwa Patan, uko Gujarat, wao wanafunga yote miwili. Mtande una madoa yake, mshindio una madoa yake, na vikipishana kitandani doa jekundu lazima liangukie juu ya doa jekundu, jani juu ya jani, na kama umekosea nusu ya upana wa kucha basi tembo anakuwa ng'ombe. Zile kingo zilochezacheza nilizoziona mie chapa mbovu, kumbe ndo muhuri wenyewe, hapo ndo uzi wa mkono unapojulikana.

Jina lake patola. Nililijua miaka mingi baadae, nilikipeleka kipande Unguja kwa mzee mmoja wa Kihindi muuza vitambaa, kavaa miwani, kakigeuza kama alivyokigeuza fundi wangu, akasema "patolu", moja ni patolu nyingi ni patola, na akasema nakshi hii kwao Mabohora, Waislamu wa Kigujarati, walivaa harusini. Akaniuliza kwa nini kipande, kingine kiko wapi. Nikabadilisha mazungumzo.

Sari moja ya patola watu wawili wanakaa kitandani, kitanda chenyewe kimeinama upande mmoja, wanafuma inchi chache halafu wanasimama, mmoja anachukua sindano anazisogeza nyuzi moja moja mpaka maua yakae. Miezi 6. Nyingine mwaka na zaidi. Wafumi wenyewe wanaitwa Salvi, hadithi yao wanasema mfalme Kumarapala katika karne ya 12 alileta familia 700 za wafumi kuja kukaa Patan, na leo waliobaki wanaofuma kwa njia hiyo ni familia chache tu. Wagujarati wana msemo, nakshi ya patola itachanika lakini haitopauka. Mie nashuhudia. Niliichana mwenyewe na haijapauka mpaka leo.

Sasa uzi wenyewe unatoka wapi? Hapa nitapita haraka maana mnaijua, skuli mlisoma. Kiwavi, majani ya mforosadi, anajifungia kwenye kifuko chake, kifuko kimoja kina uzi wa karibu kilomita nzima bila kukatika, wanakitia maji ya moto wanautafuta ncha. Wachina waliijua kazi hii maelfu ya miaka na waliificha. Yaani waliificha hasa, watu wa Rumi wanainunua kwa dhahabu hawajui ni mdudu, mpaka mwaka 552 hivi mfalme Justinian wa Constantinople akaletewa mayai ya kiwavi na watawa, na hadithi ya watu ni kwamba yalifichwa ndani ya fimbo zao za kutembelea. Mambo ya magendo kwenye fimbo! Sisi watu wa visiwani tusicheke sana, magendo ya karafuu tunayajua.

Na nimetaja karafuu. Hapo ndo nataka nikae kidogo, kwa sababu nyinyi nusu yenu asubuhi mmetoka kuchambua karafuu, naona vidole hivyo.

Karafuu kwao wapi? Si Pemba. Kwao ni visiwa vya Moluku, Ternate na Tidore na jirani zake, Indonesia ya leo. Miaka mia na mia kila mfanyabiashara alotaka karafuu ilibidi aende huko, na watu wa huko ukiwapelekea pesa walikuwa hawana haja nayo sana, walitaka nguo. Nguo gani? Za India, na juu ya nguo zote za India, patola. Wagujarati walizipeleka, Wareno wakazipeleka, halafu Waholanzi na kampuni yao ilioanzishwa 1602 wakazipeleka na wakawa wanawapa wafalme wa huko kama zawadi ili mikataba ya viungo ikae sawa. Na watu wa Indonesia hawakuzikata foronya kama mie, walizitunza, ziliingia kwenye mali ya ukoo, zinatolewa siku ya harusi na siku ya maziko, wengine wakaziamini hata kwa uganga, na wafumi wa huko wakaiga maua yake kwenye nguo zao za pamba.

Mnaona ilivyo? Kitambaa kama kilichopita mikononi mwenu sasa hivi, yule mwenzake alikwenda kununua karafuu, halafu karne ya 19 karafuu ikaja kwetu, Sayyid Said akaamrisha ipandwe, kimbunga cha 1872 kikaing'oa ya Unguja na Pemba ikasalimika, na toka hapo Pemba ndo ikawa mama wa karafuu. Hariri na karafuu ni wakwe wa zamani. Mkwe mmoja tumebaki nae, mwengine tumemsahau.

Kwani sisi hariri tuliijua? Watu wengi wanadhani wazee wetu walikuwa wanajifunga magome mpaka meli za Wazungu zilipofika. Si kweli, si kweli hata kidogo. Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Mogadishu na nguo ya kwanza aliopewa na sheikh wa mji ni shuka ya hariri ya kufunga kiunoni, hawa jirani zetu wa kaskazini, na anasema nguo zilizofumwa Mogadishu zinapelekwa mpaka Misri. Kilwa pale wachimbaji wamevitoa vigae vya vyungu vimetobolewa katikati, wafumi walivitumia kusokotea uzi. Na Mreno mmoja, Duarte Barbosa, karibu mwaka 1516, anaandika kuhusu visiwa vitatu, Mafia, Unguja na Pemba. Pemba, jamani! Anasema wafalme wa hapa wamevaa nguo nzuri sana za hariri na pamba, wamezinunua Mombasa kwa wafanyabiashara wa Cambay, na wanawake wamevaa hariri na dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji. Cambay ndo bandari ya Gujarat, Khambhat ya leo. Ikija kaskazi vyombo vinateremka, ikija kusi vinarudi, na ndani ya miezi hiyo watu wanaoana, wanakopeshana, wanajifunza kutambua kitambaa kwa kukishika gizani.

Tena msidhani tulikuwa tunanunua tu. Karibu mwaka 1570 padri wa Kireno, Monclaro, alipita Pate, huko Lamu, anasema kuna nguo za hariri za thamani ambazo Wareno wanazinunua na kuziuza miji mingine ya pwani kwa faida kubwa, kwa sababu miji mingine haizifumi, zinafumwa Pate peke yake. Waswahili wanafuma hariri, Mreno anafanya udalali. Hiyo mlisomeshwa skuli? Mie sikusomeshwa.

(Hapa mtu nyuma alisema "wala sisi".)

Kuna jambo moja mashekhe wapo watanisahihisha nikikosea. Hariri na dhahabu zimeharamishwa kwa wanaume wa umma huu, halali kwa wanawake. Hilo linajulikana. Lakini katika Sahih Muslim iko ile hadithi ya Sayyidna Omar, isipokuwa kiasi cha vidole viwili, vitatu au vine. Sasa mie mshonaji nikiisoma hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye pindo. Kilemba cha babu, kikoi kizuri cha Maskat, mwili wake pamba, pindo lake hariri, ule mtarazo wa vidole vitatu vinne. Mie naona wafumi walikuwa wanafuma na hadithi kichwani. Na huko Gujarat wakaenda mbali zaidi, wakafuma kitu kinaitwa mashru, jina lenyewe tu mtu alosoma chuoni analijua, kilichoruhusiwa kisharia, kwa juu hariri inang'ara, kwa ndani pamba, mwanamme anavaa na hariri haimgusi mwili. Patan wanafuma, Mandvi ya Kachchh wanafuma. Na Mandvi si ngeni kwetu, Wahindi wangapi wa Mji Mkongwe ukiwauliza babu katoka wapi watakwambia Mandvi au vijiji vyake?

Sisi tulikuwa na majina. Debwani, ile ya Maskat ya mirabamiraba ya buluu na nyeupe na pindo jekundu, misafara iliichukua mpaka bara kwa sababu wakuu wa huko hawakutaka merikani, ile nguo ya pamba ya Marekani, ya watu wote, walitaka debwani. Subaya. Sahari. Atlasi. Zari. Melimeli. Bafta. Fundi wangu akisikia kitambaa kinavyolia kikivutwa anakwambia jina. Leo mteja akiingia dukani kwangu anasema nataka "kitambaa kile kinachong'ara". Kipi? "Kile alichovaa fulani kwenye picha." Nakaa nacheka lakini roho inaniuma.

Nani kaua majina? Si mtu mmoja. Merikani ilikuja toka miaka ya 1830 na meli za Salem, huko Marekani, nguvu na rahisi, ikachukua soko. Kanga ikaja na maua yake, na mie sitoisema vibaya kanga, waliokuwa watumwa walipoachwa huru, amri ya 1897, kujifunga nguo ya rangi na kufunika kichwa ilikuwa ndo kusema mimi mtu, kitu hicho hariri haikuwapa. Lakini ilichapwa, imechapwa Uingereza na Uholanzi na India, na nguo ya kuchapwa inataka mashine tu haitaki hesabu ya uzi.

Na mashine yenyewe. Hii fupi kisha nawaachia. Kwa nguo za maua ya kufumwa, zile za mitindo ya China na Uajemi na baadae Italia na Ufaransa, kitanda kilikuwa na watu wawili, mfumi chini, na mtoto kapanda juu au kasimama ubavuni anavuta kamba kila mshindio upite, vuta hizi, achia zile, siku nzima, mpaka mabega yanapinda. Lyon, Ufaransa, mwaka 1804, Joseph Marie Jacquard akatoa kifaa cha kuweka juu ya kitanda, kadi za karatasi ngumu zimetobolewa matundu, pakiwa na tundu uzi unainuka, pasipo na tundu haunyanyuki. Yule mtoto akashuka. Baadae wakafuma picha ya Jacquard mwenyewe kwa hariri, kadi 24,000, ukiiona utadhani imepigwa chapa. Mwingereza Charles Babbage alikuwa nayo nyumbani, na kutoka kwenye kadi hizo akapata njia ya kuiamrisha mashine ya hesabu aliyoibuni. Tundu, hakuna tundu. Simu zenu hizo mnazonirikodia zinazungumza lugha ya kitanda cha mfumi wa hariri.

Wafumi wa Lyon walitajirika? Wapi. Mwaka 1831 waliingia barabarani kudai bei ya kazi yao, na jeshi likaletwa. Anaefuma hariri havai hariri, hilo halina nchi.

Haya, nimebakisha kiberiti. Mgeni rasmi usiogope. Wanangu njooni wawili hapa mbele.

Huu uzi nimeuchomoa kwenye kipande changu, mmoja tu, Mungu anisamehe. Na huu nimeuchomoa kwenye kitambaa nilichouziwa mwaka jana, duka silitaji, bei ya hariri, risiti imeandikwa hariri safi. Uwashe wa kwanza. Nusa. Harufu ya nini? Sema kwa sauti. Nywele! Kuku anavyobabuliwa manyoya, si ndo hivyo? Kwa sababu ni mnyama, katoka kwenye mdudu. Shika jivu, linapukutika unga. Haya washa wa pili. Ona, hauungui, unajikunja, unayeyuka, moshi mweusi, na mwisho wake ushanga, bonyeza, gumu kama plastiki. Kwa sababu ni plastiki. Nimeuziwa ndoo ya maji nikaambiwa hariri, na mie nina miaka 30 na ushei kwenye kazi, kwa hiyo nyinyi msiseme hawatonipata. Mkienda dukani ombeni uzi mmoja wa pindo, anaekataa kukupa uzi mmoja ameshakujibu.

Maswali baada ya chakula, mpunga umeshaiva naunusa kutoka hapa. Kipande changu kiko wapi? Kimefika kwa kina mama nje? Kirudishwe taratibu.

Assalaamu alaykum.

Nyongeza kwa ambao hawakuwepo: kipande kilirudi mezani wakati watu wanakula. Bibi mmoja wa kule nje alikuja nacho mwenyewe kwa mikono miwili, akanambia kwao kulikuwa na nguo kama hii, wakimfungia mtoto akiugua homa, haijui ilikokwenda. Nilipokikunja kukitia kwenye pochi nikakinusa. Watu mia na kitu walikishika siku hiyo, wengi wao wametoka kuchambua, na kilikuwa kinanuka karafuu mpaka ndani ya uzi.